Nakivale: Kimya cha ofisi kinavyomtajirisha tapeli

Jumatano ya Julai 14, 2010, wakimbizi wa Kinyarwanda katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, waliitwa wakusanyike. Baadhi yao walielezwa kuwa wangepewa majibu ya rufaa zao za kuomba hifadhi. Wengine walielewa kuwa ni siku ya kugawiwa chakula.

Walikwenda. Kwa mtu aliyekaa miezi mingi akisubiri jibu, wito wa ofisi ni habari njema.

Walichokikuta ni polisi wenye silaha, na malori. Risasi zilipigwa hewani, watu wakapakiwa kwa nguvu, wengine wakaachana na watoto wao papo hapo. Katika operesheni hiyo, iliyofanyika pia katika makazi ya Kyaka, watu wapatao 1,700 walirudishwa Rwanda. Wanaume wawili walikufa baada ya kuruka kutoka kwenye malori. Serikali ilisema walengwa ni watu ambao maombi yao ya hifadhi yalikuwa yamekataliwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lililaani, likisema katika malori hayo walikuwamo pia wakimbizi waliokwisha kutambuliwa.

Kazi hiyo haikufanywa na matapeli. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini matapeli wanapata wateja Nakivale hana budi kuanzia hapo. Pale ambapo wito wa ofisi umewahi kugeuka mtego, mtu hujifunza kuutafuta ukweli kwa mlango wa uani. Na mlango wa uani una wenyewe.

Kungoja prosesi

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza kupokea watu mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Leo yanabeba zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongomani ambao ndio wengi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea. Kuna kijiji kinaitwa New Congo, na sehemu ya Wasomali inayojulikana kama Little Mogadishu. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani na kwenye foleni.

Uganda husifiwa kwa sera zake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na katika makazi hupewa kiwanja cha kujenga na kulima. Lakini ardhi haiongezeki. Kadiri watu walivyozidi, ndivyo viwanja vilivyopungua ukubwa, na familia nyingi haziwezi kuishi kwa jembe peke yake.

Kurudi nyumbani ni ndoto kwa Mkongomani wa Kivu. Mji wa mpakani wa Bunagana uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Juni 2022. Goma ikafuata Januari 2025. Uraia wa Uganda nao, licha ya Mahakama ya Katiba kusema mwaka 2015 kwamba mkimbizi anaweza kuuomba, umebaki mgumu kuupata.

Inabaki njia ya tatu: kupelekwa kuishi Marekani, Kanada, Australia au Ulaya. Nakivale huiita kwa neno moja tu, "prosesi". Watu huulizana kama mtu fulani yumo kwenye prosesi, kama kesi yake imesogea, kama ameitwa. Jirani akipanda basi la kwenda Entebbe kupanda ndege, kijiji kizima huona kwa macho kwamba jambo hilo linawezekana.

Linawezekana kwa wachache. Duniani kote, wanaopata nafasi hiyo kwa mwaka hawafiki mkimbizi 1 kati ya 100.

> Duniani kote, wanaopelekwa nchi ya tatu kwa mwaka hawafiki mkimbizi 1 kati ya 100.

Mtego unavyotegwa

Tapeli wa prosesi ana mwendo wake, na hauna haraka. Mara nyingi anaanza kama mtu wa karibu: anasema lugha ya nyumbani, anasali kanisa au msikiti mmoja na mlengwa, au anajulikana kwa kuwasaidia watu kujaza fomu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Huyu haombi pesa siku ya kwanza. Anauliza habari za kesi. Anataka kuona karatasi ya usajili wa familia, ile yenye majina, picha na namba ya faili. Anaipiga picha kwa simu. Baada ya siku kadhaa anarudi na maneno mazito: faili lako limelala, lakini mimi nina mtu wangu ndani.

Kisha huja simu kutoka kwa "mtu wa ndani". Anataja majina ya watoto wote na mwaka ambao familia iliingia Uganda. Mlengwa anashtuka, kwa sababu taarifa hizo, kwa anavyojua, ziko ofisini tu. Amesahau kwamba yeye mwenyewe alizitoa kwa yule wa kwanza.

Malipo hukatwa vipande. Kuna pesa ya kulifungua faili, pesa ya kuingizwa kwenye orodha ya mahojiano, pesa ya vipimo vya afya, na mwisho pesa ya tiketi. Kila kipande ni kidogo kuliko hasara ambayo tayari imeingiwa, na hapo ndipo mtu hunaswa: akiacha sasa, aliyoyatoa yote yamepotea.

Pesa hupita kwenye simu, kwa wakala, kwenda kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyehusika. Kwa muda mrefu wakimbizi wengi wa Uganda walitumia laini za majina ya watu wengine, kwa sababu vitambulisho vyao havikutosha kusajili laini. Mwaka 2019 ndipo Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipolegeza masharti na kukubali nyaraka za ukimbizi. Mazoea ya kumtumia mtu pesa kwa jina lisilo lake yalikuwa yameshaota mizizi.

Mtu anachopoteza

Fedha ni mwanzo tu wa hasara. Nyingi hazikuwa za mhusika: ni mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa, ni mbuzi wa watoto, ni pesa aliyotuma ndugu aliye ughaibuni kwa ajili ya ada ya shule.

Wapo wanaofikia kuuza kiwanja. Hapa hasara inakuwa ya aina yake, kwa kuwa kiwanja cha makazi ya wakimbizi hakiuziki kisheria. Mkimbizi anakitumia tu. Mwenye mamlaka juu yake ni Ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, inayosimamia masuala ya wakimbizi nchini. Aliyekiuza kwa siri hawezi kukidai. Akienda kulalamika, kosa la kwanza kuandikwa litakuwa lake.

Hali ni hiyohiyo kwa rushwa. Anayelipa ili faili lake liruke foleni anajua moyoni kwamba ametoa hongo, na tapeli anajua kwamba anajua. Siku mlalamikaji akipandisha sauti, jibu ni fupi: nenda kaseme, tuone kesi yako itabaki wapi. Woga huo unamlinda mwizi kuliko ukuta wowote.

> "Nenda kaseme, tuone kesi yako itabaki wapi." Kwa sentensi ya namna hii, mwizi hupata usingizi.

Kwa nini watu wazima wanaamini

Ni rahisi kwa aliye mbali kucheka na kusema wameponzwa na tamaa. Lakini prosesi yenyewe, hata ikiendeshwa kwa haki, inafanana mno na hadithi ya tapeli.

Kwanza, haiombwi. Mkimbizi hajazi fomu ya maombi. UNHCR ndiyo inayomtambua kwa vigezo saba, vikiwamo mahitaji ya ulinzi, waliopitia mateso, wagonjwa wasioweza kutibiwa walipo, na wanawake na watoto walio hatarini. Kwa mtu wa kijijini, maana yake ni kwamba kuna mtu mahali fulani anayechagua majina. Tapeli hana haja ya kuitunga habari hiyo. Anachofanya ni kudai kwamba anamfahamu mchaguaji.

Pili, ina hatua nyingi na milango mingi. Faili la anayekwenda Marekani lilikuwa likitoka UNHCR kwenda kwenye kituo kinachoendeshwa na shirika la Church World Service kutoka Nairobi, kisha kwa maofisa wa uhamiaji wa Marekani, kisha kwenye ukaguzi wa usalama, kisha vipimo vya afya vya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Vipimo na kaguzi hizo zina muda wa kuisha. Kimoja kikipitwa na wakati, familia hurudishwa nyuma kukirudia, na mara nyingi haijui ni kwa nini imesimama.

Tatu, kuna ukweli nusu kuhusu tiketi. Mkimbizi aliyekuwa akienda Marekani kwa njia hiyo alisafiri kwa mkopo wa IOM usio na riba, ambao alianza kuulipa baada ya kufika. Hakutoa hata shilingi kabla ya kuondoka. Tapeli huchukua neno "kulipa tiketi" akalitoa mahali pake na kulileta mbele ya safari.

Jumlisha hayo na miaka ya kungoja, utaona bidhaa halisi inayouzwa. Tapeli anauza jibu. Ofisi inasema "subiri". Yeye anasema "Jumanne ijayo".

Vidole vinapoelekezwa ofisini

Maneno "nina mtu ndani" yangekuwa dhaifu kama yasingewahi kuwa kweli. Historia ya Afrika Mashariki inayapa nguvu.

Mwaka 2001, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifichua mtandao uliokuwa ukiwauzia wakimbizi nafasi za kwenda ng'ambo kupitia ofisi ya UNHCR mjini Nairobi. Ripoti yao ilitaja watu wapatao 70, wakiwamo wafanyakazi wanne wa UNHCR yenyewe pamoja na madalali, baadhi yao wakiwa wakimbizi. Wakimbizi walitozwa maelfu ya dola. Wachunguzi na wanadiplomasia walitishiwa kuuawa.

Uganda ilipata fedheha yake Februari 2018. Tuhuma za kuongeza majina hewa na ubadhirifu wa misaada zilimfanya kamishna wa wakimbizi katika OPM na wasaidizi wake kusimamishwa kazi. Zoezi la kuwahakiki wakimbizi kwa alama za vidole na mboni za macho, lililofanyika kuanzia Machi hadi Oktoba mwaka huo, lilikuta watu milioni 1.1, ilhali vitabu vilikuwa vikisema milioni 1.4. Novemba hiyohiyo, ukaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa ulieleza udhaifu mkubwa katika usimamizi wa fedha za UNHCR nchini Uganda.

Aprili 2019, uchunguzi wa mwandishi Sally Hayden, uliotangazwa na NBC News, ulikusanya madai ya wakimbizi katika nchi tano, Uganda na Kenya zikiwamo, kwamba baadhi ya watumishi wanaohudumia wakimbizi huomba rushwa ili kusogeza kesi.

UNHCR ilijibu kwamba wengi wa wafanyakazi wake ni waadilifu na kwamba tuhuma huchunguzwa. Ina hoja: si kila anayejiita mtu wa ndani anatoka ndani. Wengine hawajawahi hata kuvuka geti la ofisi. Maofisa wa prosesi wanasema pia kwamba wapo wakimbizi wanaonunua majina kwenye faili la familia nyingine au kuzusha ndugu, na udanganyifu huo ukigunduliwa huwachelewesha wasio na hatia.

Upande wa wakimbizi nao una hoja, na ni nzito zaidi. Anayelaumiwa kwa kumwamini tapeli hakupewa njia ya kumtofautisha na ofisa wa kweli. Wote wawili wana namba ya faili lake, na kati ya hao, anayepokea simu yake ni tapeli.

Njia ndefu ya haki

Sheria ya adhabu ya Uganda inatambua kosa la kupata mali kwa udanganyifu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Tatizo ni kuifikia hiyo sheria.

Aliyeibiwa Nakivale huanzia kwa viongozi wa kijiji chake cha wakimbizi, kisha kituo cha polisi cha makazini, kisha Isingiro. Mambo makubwa yanaishia Mbarara, jiji tangu Julai 2020, lenye Mahakama Kuu, hospitali ya rufaa na benki. Ni safari ya nauli, na kesi huahirishwa. Shahidi aliyetapeliwa mtaji wake wote atakwenda mara ya kwanza, mara ya tatu atashindwa.

Hatua moja nzuri ilichukuliwa mwaka 2013, mahakama inayotembea ilipoanza kusikiliza kesi ndani ya Nakivale. Ilionyesha kwamba hakimu akisogea, watu hujitokeza. Hata hivyo, kesi za utapeli wa simu zinahitaji zaidi ya hakimu: zinahitaji kampuni ya simu itoe kumbukumbu haraka, na polisi aijue njia ya kuzifuata kabla pesa haijatolewa kwa wakala wa Mbarara au Kampala na laini kutupwa.

Mwaka ambao mlango ulifungwa

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusitisha mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi. Ndani ya siku chache safari zilifutwa, hata za watu waliokwisha kupata tarehe.

Kwa Wakongomani pigo lilikuwa kubwa kuliko kwa wengine. Katika mwaka wa fedha wa 2024, Marekani ilikuwa imepokea wakimbizi 100,034, na Wakongomani waliongoza kwa karibu watu 20,000. Kwa mwaka wa fedha wa 2026, kiwango cha juu kiliwekwa kuwa watu 7,500, nafasi nyingi zikilengwa kwa Wazungu wa Afrika Kusini.

Mtu angedhani mlango ukifungwa, madalali watakosa kazi. Ni kinyume. Familia iliyokwisha kuuza godoro na sufuria ikingoja ndege iko tayari kumsikiliza yeyote anayesema kuna njia nyingine, ya Kanada labda, au ya "orodha maalumu".

Mei 2025, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likakata msaada wa chakula kwa takriban wakimbizi milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Juni, UNHCR ikatangaza kufuta nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani. Maana yake ni njaa zaidi upande wa wanaongoja, na watu wachache zaidi upande wa wanaopaswa kuwajibu.

> Njaa imeongezeka upande wa wanaongoja, na wanaopaswa kuwajibu wamepungua.

Kinachowezekana kufanywa

Ujumbe kwamba huduma za wakimbizi ni za bure umerudiwa sana, na ni wa kweli: usajili, mahojiano, vipimo, kupelekwa nchi ya tatu, hakuna kinacholipiwa kabla ya safari. Ipo pia namba ya bure ya malalamiko, 0800 323 232, inayopokea simu za wakimbizi kote Uganda kwa lugha kadhaa.

Lakini ukimwambia mtu "usilipe" bila kumwambia kesi yake iko wapi, umemwacha pale pale tapeli alipomkuta. Dawa ya kwanza ni jibu. Kila mwenye faili apewe njia ya kuijua hali yake kwa namba yake ya siri, hata kama jibu ni kwamba hayumo au kwamba nchi husika imefunga. Habari mbaya iliyo wazi humwezesha mtu kupanda mahindi, kumrudisha mtoto shule, kuacha kuuza vitu. Kimya humfunga.

Dawa ya pili ni kumlinda mlalamikaji. OPM na UNHCR zitamke kwa maandishi, na kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, kwamba aliyelipa na akajitokeza kushitaki hatapoteza kesi yake kwa sababu hiyo. Bila ahadi hiyo namba ya bure italia kwa mambo mengine tu.

Dawa ya tatu ni polisi wa Isingiro na Mbarara kuuchukulia utapeli wa prosesi kuwa uhalifu wa kupangwa, wenye laini za simu, mawakala na wapokeaji wanaoweza kufuatiliwa, badala ya kuuona kama ugomvi wa wakimbizi wao kwa wao.

Kwa msomaji aliye Nakivale, au mwenye ndugu huko anayemwomba pesa "ya kusukuma kesi": usiitume. Usimwachie mtu yeyote apige picha karatasi ya familia yako. Anayekuita kwa jambo la faili, nenda ukamuulize ofisini mchana, mbele ya watu. Na kama umekwisha kulipa, tunza meseji na namba za miamala, kisha piga 0800 323 232 leo. Aibu si yako. Ni ya aliyekula pesa, na ya ofisi zilizokuacha ungoje bila neno.